Daftari la Madeni, Ghorofa ya Tano

Tangu mguu uvunjike (ngazi ya kumi na nne,
ile yenye ufa, jumba zima tunaijua)
dukani yuko mwanangu Shaibu, na mie niko dirishani,
Michenzani, plasta hadi gotini,
daftari la madeni mapajani,
kwa kuwa mkono uliozoea kuandika
haujui kukaa bure.

Basi nikaanza na kunguru.

Jina: Kunguru.
Kachukua: kipande cha sabuni, kijiko cha chai,
kibanio cha nguo cha Bi Mwanakhamisi wa ghorofa ya pili.
Atalipa lini:
Ati aliletwa kwa meli alisafishe jaa;
jaa akalimaliza, akabaki na njaa.
Nimeacha kuwahesabu. Magharibi ikikaribia
waya wa umeme hulegea kwa uzito wao
na mji mzima hukwaruza koo moja.

Jurawa: makombo ya mkate wa mofa, kidogo kidogo,
kama mteja mwenye haya.
Njiwa: mchele, uliomwagwa makusudi
na mama mmoja nisiyemtaja, ana nadhiri yake.
Chozi hakopi kwangu. Ana hesabu yake ghorofa ya tatu,
kwenye mshubiri uliopandwa ndani ya kopo la maziwa;
hufika, humeta kama kitambaa cha bi harusi,
hunywa, huondoka bila ya kuaga.
Popo si ndege, najua.
Kaja baada ya isha. Nimemwandika pembeni.

Jumatano asubuhi, juu ya tangi la maji la jumba la pili,
katua mmoja nisiyemjua.
Mweusi kwa mweupe, kama mtoto wa skuli aliyechelewa.
Hatua tatu, anasimama,
mkia chini, juu, chini,
kama mtu anayekubali maneno
ambayo bado hajaambiwa.

Nikauliza. Shaibu, kwa simu: "Baba, nina wateja."
Msellem, fundi wa mabomba, kainua kichwa:
"Huyo? Huyo ni huyo huyo."
Muuza urojo kapiga ukelele kutoka chini: "Jogoo-maji!"
Nadhani kalibuni papo hapo.
Nikampigia dada yangu Time, Kizimkazi Mkunguni.
Kanyamaza. Nawasikia kuku wake nyuma.
"Bibi alikuwa na jina lake. Linaanza na ki."
"Ki nini?"
"Ndo hivyo. Ki."

Tukakaa, yeye kule, mie huku,
salio likiyeyuka, tukijaribu silabi
kama mtu anayejaribu funguo
kwenye nyumba iliyokwisha kuuzwa.
Kitiki. Kitweta. Kichea.
Hakuna mlango uliojibu.
Na mwenyewe, hana habari, anakunywa kwenye ufa wa tangi
maji ambayo sisi wa ghorofa ya tano
hayajatufikia tangu Ijumaa.

Nikapiga mstari.
Jina: Ki
Kachukua: maji, matone machache.
Atalipa lini:
Hapo kalamu ikagoma.
Bibi aliniachia kiwanja, mkoba wa ukili, kikohozi,
na hilo jina aliniachia pia, kwa mkono wake,
nami ndiye niliyelidondosha, sijui njia gani.
Deni si la ndege.
Nikafuta, nikalihamishia kwenye ukurasa wangu.

Alhamisi hakuja. Ijumaa kaja na mwenzake.

Usiku Shaibu kaleta chakula, kachungulia daftari.
"Baba, Ki ni nani? Mbona simjui mteja huyu?"
Asubuhi nikamshika mkono, nikamvuta dirishani,
nikamwambia afuate kidole changu.
"Ah, huyo!" kasema, na kicheko kikamponyoka.
"Huyo huingia dukani kila siku.
Hupita chini ya mizani, hutikisa, hutazama magunia,
kisha hutoka. Sisi tunamwita Mkaguzi."

Nikaandika.
Kwa penseli.